Mashine pepe ya Linux ikigoma: dalili, chanzo na namna ya kuirekebisha

Mashine pepe, yaani kompyuta ya kufikirika inayoendeshwa na programu ndani ya kompyuta halisi, ikikataa kuwaka, wengi hukimbilia kuifuta na kuanza upya. Kwa mtu anayeishi kwa bando la simu Masasi, Nachingwea au Lindi mjini, huko ni kutupa pesa. Faili la kusakinishia Ubuntu Server lina karibu gigabaiti 3, na kosa lenyewe mara nyingi haliko ndani ya Linux. Liko kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows), kwenye Windows, kwenye mipangilio ya mtandao au kwenye diski iliyojaa, na hakuna hata moja kati ya hayo linaloponywa na faili jipya.

Hapa kompyuta yako halisi tunaiita mwenyeji, na Linux iliyo ndani yake tunaiita mgeni. Mifano inatumia VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine pepe, na Ubuntu Server, aina ya Linux ya seva. Mashine ya mfano inaitwa `ghala`, ya kutengenezea mfumo mdogo wa kupokea korosho kwenye chama cha msingi. Amri zinazoanza na `VBoxManage` huandikwa kwa mwenyeji. Kwenye Windows ingia kwanza folda ya `C:\Program Files\Oracle\VirtualBox`, la sivyo utaambiwa amri haijulikani.

## Haiwaki kabisa, au orodha ina 32-bit tu

Ukiona `VT-x is disabled in the BIOS`, `VERR_SVM_DISABLED` au `VERR_VMX_NO_VMX`, au ukitengeneza mashine mpya ukakuta hakuna chaguo la 64-bit, prosesa haijaruhusiwa kuendesha mashine pepe. Laptop nyingi za mtumba hufika zikiwa hivyo.

Hakikisha kabla ya kugusa kitu. Kwenye Windows fungua Task Manager, sehemu ya `Performance`, bonyeza `CPU`, usome mstari wa `Virtualization`. Kwenye Ubuntu weka kifurushi cha `cpu-checker`, kisha andika `kvm-ok`.

Kuingia BIOS: HP ni F10, Dell ni F2, ThinkPad ni F1. Kwenye HP tafuta `Virtualization Technology (VTx)` ndani ya `System Configuration`; Dell wanaiweka chini ya `Virtualization Support`; ThinkPad iko chini ya `Security`. Washa, hifadhi, kisha zima kompyuta kabisa na uchomoe chaja kwa sekunde chache kabla ya kuwasha. Baadhi ya mashine za zamani hazipokei badiliko hili kwa kuwashwa upya tu.

Kama chaguo halipo popote, huenda prosesa yenyewe haina uwezo huo. Baadhi ya Celeron na Pentium za zamani ziko hivyo. VirtualBox kuanzia toleo 6.1 la mwaka 2019 haifanyi kazi bila msaada wa prosesa, kwa hiyo usipoteze siku kutafuta njia ya kuzunguka. Kabla ya kulipia laptop ya mtumba, iwashe dukani usome mstari ule wa Task Manager.

## Inawaka, lakini inajikokota, na chini kuna alama ya kobe

Kobe wa kijani kwenye kona ya dirisha la VirtualBox maana yake Windows imeshaishika prosesa kupitia Hyper-V, mfumo wake yenyewe wa mashine pepe, na VirtualBox inapitia kwake. Kuwaka kunachukua dakika nyingi, na kuandika kwenye terminali kunachelewa herufi kwa herufi. Andika `msinfo32` na utazame chini kabisa. Ukikuta `A hypervisor has been detected`, ndiyo hiyo.

Mara nyingi vinavyoiwasha ni vitu vitatu, na kuzima kimoja hakutoshi: WSL2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), Docker Desktop (programu ya kuendeshea makontena) na kinga ya Windows iitwayo `Memory integrity`. Hiyo ya mwisho iko Windows Security, `Device security`, `Core isolation`. Izime, kisha fungua Command Prompt kama msimamizi:

```
bcdedit /set hypervisorlaunchtype off
```

Washa upya. Kobe akiondoka, umemaliza. Fahamu kwamba WSL2 na Docker Desktop havitafanya kazi mpaka urudishe neno `auto` mahali pa `off`, na kwamba umepunguza kinga moja ya Windows.

Ndiyo maana ni bora uamue mapema. Kama kazi yako ni tovuti moja na hifadhidata moja, WSL2 inatosha, na huna haja ya kupigana na Hyper-V. Ibane tu, kwa sababu bila mpaka inaweza kuchukua hadi nusu ya RAM yote. Tengeneza faili `.wslconfig` ndani ya folda yako ya mtumiaji:

```
[wsl2]
memory=2GB
```

VirtualBox inafaa pale unapotaka seva mbili au tatu zinazoongea, au mazingira yanayofanana kabisa na seva halisi utakayoikabidhi.

## Mwenyeji ni Linux, na VirtualBox inalalamika

`Kernel driver not installed (rc=-1908)` hutokea baada ya kerneli (kiini cha Linux) kusasishwa, au pale Secure Boot, kinga inayokagua saini wakati kompyuta inawaka, inapokataa dereva isiyo na saini. Anza na hii:

```
sudo apt install dkms linux-headers-$(uname -r)
```

Kisha `sudo /sbin/vboxconfig` kama ulichukua kifurushi cha Oracle, au `sudo dpkg-reconfigure virtualbox-dkms` kama ulichukua cha Ubuntu. Kwa Secure Boot utaombwa nenosiri, na kompyuta ikiwaka upya itatokea skrini ya bluu yenye `Enroll MOK`. Watu wengi huipita kwa haraka wakidhani ni hitilafu. Ukiipita, dereva haitakubaliwa. Rudia kwa `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, na safari hii ingia ndani yake uweke nenosiri lile.

Kosa la `VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE` limeongezeka tangu kerneli 6.12, ambayo ndiyo iliyomo Debian 13, kwa sababu KVM, mfumo wa mashine pepe wa Linux yenyewe, sasa hukamata prosesa mara tu inapopakiwa. Andika `sudo modprobe -r kvm_intel`, au `kvm_amd` kwa prosesa ya AMD. Suluhisho la kudumu ni kuongeza `kvm.enable_virt_at_load=0` kwenye mstari wa kerneli ndani ya GRUB, programu inayoianzisha Linux.

## Usakinishaji unakatika katikati

Shuku faili kwanza. Mtandao ukikatika wakati wa kupakua, unaweza kubaki na faili pungufu lenye jina sahihi. Linganisha alama yake na ile iliyochapishwa kwenye ukurasa wa kupakulia:

```
sha256sum ubuntu.iso
certutil -hashfile ubuntu.iso SHA256
```

Ya kwanza ni ya Linux, ya pili ya Windows. Kama faili ni pungufu, usilifute: `wget -c` pamoja na kiungo kilekile huendelea pale lilipoishia. Kwenye bando dogo fikiria Debian ya netinst, ambayo haifiki gigabaiti 1, na vingine unavichukua kadiri unavyohitaji.

Alama ikiwa sahihi na bado inakatika, tazama RAM. Kisakinishi cha Ubuntu Server 24.04 kinahitaji gigabaiti 1.5. Ipe mashine MB 2048 wakati wa kusakinisha, kisha uishushe hadi 1024 ukimaliza kama laptop ina gigabaiti 4 tu. Usiweke mazingira ya dirisha ndani ya mgeni. Mhariri wako wa msimbo na kivinjari viko kwa mwenyeji tayari.

## `npm` au `composer` inaishia kwa neno `Killed`

RAM imeisha na kerneli imeiua programu. `sudo journalctl -k | grep -i "out of memory"` itathibitisha. Angalia `swapon --show`. Kama haitoi kitu, tengeneza swapu, yaani nafasi ya diski inayosaidia RAM:

```
sudo fallocate -l 2G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile
echo '/swapfile none swap sw 0 0' | sudo tee -a /etc/fstab
```

Na usimpe mgeni viini vyote vya prosesa. Mwenyeji akikosa hata kimoja, wote wawili wanakwama. Kama kasi inaanza vizuri kisha inashuka baada ya nusu saa, chanzo kinaweza kuwa joto, hasa mchana wa Desemba pwani ya Mtwara: prosesa hupunguza kasi yake ili isiungue. Safisha feni, inua laptop isikae juu ya kitambaa, na hakikisha Windows haiko kwenye hali ya kuokoa betri.

## Mtandao: hapa ndipo muda mwingi unapotea

Pima kwa mpangilio kabla ya kubadilisha lolote. Ndani ya mgeni:

```
ip -br a
ping -c 3 1.1.1.1
resolvectl query archive.ubuntu.com
```

Ping inajibu, jina halipatikani. Ujumbe ni `Temporary failure in name resolution`. Hutokea unapohama kutoka Wi-Fi ya ofisini kwenda hotspoti ya simu huku mashine ikiwa inawaka: mgeni bado anauliza majina kwa anwani ya zamani. Chomoa na uchomeke waya wake wa kufikirika:

```
VBoxManage controlvm ghala setlinkstate1 off
VBoxManage controlvm ghala setlinkstate1 on
```

Kama unahama mara kwa mara, zima mashine kisha andika `VBoxManage modifyvm ghala --natdnshostresolver1 on`. Baada ya hapo majina yanatafutwa na mwenyeji.

Mgeni anatoka nje, lakini wewe huwezi kuingia kwake. Ukiona anwani ni 10.0.2.15, uko kwenye NAT, njia ambayo mgeni hutoka nje kwa kupitia anwani ya mwenyeji, na kila mashine ya NAT itakuonyesha anwani hiyohiyo. Si hitilafu, NAT imeumbwa kutoka, si kuingia. Kwa ssh (kuingia kwenye terminali ya mgeni kutoka kwa mwenyeji) peke yake, fungua poti mashine ikiwa imezimwa:

```
VBoxManage modifyvm ghala --natpf1 "ssh,tcp,127.0.0.1,2222,,22"
ssh -p 2222 jina@127.0.0.1
```

Kwa kazi ya kila siku tunashauri kadi mbili za mtandao: ya kwanza NAT kwa ajili ya intaneti, ya pili `Host-only` kwa ajili ya kuongea na mwenyeji, ambaye kwa kawaida huwa 192.168.56.1. Utaweza kufanya kazi hata bando likiisha. Mwezi Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima, aliyekuwa na mpangilio huu hakuhitaji intaneti kuifikia seva yake ya majaribio.

Ukiongeza kadi ya pili baada ya kusakinisha, Ubuntu haitaiwasha yenyewe; `ip -br a` itaonyesha `enp0s8 DOWN`. Andika faili `/etc/netplan/60-ndani.yaml`:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    enp0s8:
      addresses: [192.168.56.10/24]
```

Tumia nafasi, kamwe usitumie kitufe cha Tab, kwa sababu YAML huikataa. Kisha `sudo chmod 600` kwa faili hilo na `sudo netplan apply`.

Ssh inaingia, tovuti haifunguki. Andika `ss -ltn` ndani ya mgeni. Ukikuta `127.0.0.1:8000`, programu inapokea maombi yanayotoka ndani ya mgeni tu. Django iwashwe kwa `python3 manage.py runserver 0.0.0.0:8000`, na anwani iongezwe kwenye `ALLOWED_HOSTS`; Laravel kwa `php artisan serve --host=0.0.0.0`, Vite kwa `--host`. Kama `sudo ufw status` inasema `active`, ongeza `sudo ufw allow 8000/tcp`.

Daraja halifanyi kazi kwenye hotspoti. `Bridged` humfanya mgeni aonekane kama kifaa kingine kwenye mtandao. Kadi nyingi za Wi-Fi na simu nyingi hazikubali hilo, na simu nyingine zina ukomo wa idadi ya vifaa. Ukitumia waya wa USB kutoka kwenye simu, kadi hutoweka kila unapochomoa na daraja linakatika. Rudi NAT. Daraja linafaa kwenye ofisi yenye ruta na waya wa Ethernet.

Mashine mbili zilizonakiliwa zina anwani moja. Hii inachanganya hata wazoefu, kwa sababu umeshabadilisha MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) na bado zinagongana. Ubuntu inaomba anwani ya DHCP kwa kutumia `/etc/machine-id`, na faili hilo limenakiliwa pia. Kwenye nakala:

```
sudo truncate -s 0 /etc/machine-id
sudo rm /etc/ssh/ssh_host_*
sudo dpkg-reconfigure openssh-server
sudo hostnamectl set-hostname ghala2
sudo reboot
```

## Bando linaisha na hujafanya kitu

Mgeni anajisasisha kimyakimya, na ukiwa na mashine tatu, kila moja inavuta vifurushi vilevile. Simamisha:

```
sudo systemctl disable --now apt-daily.timer apt-daily-upgrade.timer
sudo snap refresh --hold
```

Hapo wajibu wa kusasisha unakuwa wako. Fanya hivyo kwa mkono kila unapopata mtandao wa uhakika, na usitumie amri hizi kwenye seva ya wateja.

Kwa mashine nyingi, weka `apt-cacher-ng`, hifadhi ya vifurushi, kwa mwenyeji wa Linux, au kwenye mashine pepe moja ndogo. Kifurushi kinapakuliwa mara moja, wengine wanakichukua humo (kama umeiweka kwenye mashine pepe, andika anwani yake mahali pa 192.168.56.1):

```
echo 'Acquire::http::Proxy "http://192.168.56.1:3142";' | sudo tee /etc/apt/apt.conf.d/01proxy
```

Ukiona `Could not connect to 192.168.56.1:3142`, hifadhi hiyo imezimwa au ngome ya mwenyeji imefunga poti. Darasani au kwenye ofisi ya vijana watano, hakuna kinachookoa bando zaidi ya hii.

## Umeme umekatika, sasa kuna `(initramfs)`

Kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, umeme ukikatika faili zilizokuwa zinaandikwa hubaki nusu. VirtualBox itaonyesha `Aborted`, na mgeni atakwama kwenye alama ya `(initramfs)`.

Kwanza nakili faili la `.vdi` mahali pengine, kwa sababu matengenezo yanaweza kuondoa faili zilizoharibika. Kisha:

```
fsck -y /dev/mapper/ubuntu--vg-ubuntu--lv
exit
```

Kama hukutumia LVM (mpango wa kugawa diski ambao kisakinishi hukupa), sehemu hiyo huwa `/dev/sda2` au jina linalotajwa kwenye ujumbe. Mashine ikiwaka, kagua hifadhidata kabla ya kuendelea. MySQL na PostgreSQL kwa kawaida hujirekebisha kwa kumbukumbu zao, lakini soma `journalctl -u mysql` au `-u postgresql` uone zimesema nini.

Kwenye mipangilio ya diski ya mashine, usiweke alama kwenye `Use Host I/O Cache`. Inaongeza kasi, na pia inaongeza kinachopotea umeme ukikatika. Kama una UPS ya dakika chache, weka amri hii tayari:

```
VBoxManage controlvm ghala savestate
```

Inaandika RAM yote ya mgeni kwenye diski, hivyo kwa diski ya kuzunguka na gigabaiti 2 usingoje UPS ianze kulia mfululizo. Na snapshoti, picha ya hali ya mashine unayoweza kuirudia, isikudanganye: iko kwenye diski ileile, ikifa zinakufa zote. Toa `mysqldump` au `pg_dump` kila jioni uipeleke nje ya kompyuta hiyo. Msimu wa korosho ukianza Oktoba na maghala yakipokea mzigo, hutapata siku ya kuingiza data upya.

## `apt` inasema `is not valid yet`

Saa ya mgeni iko nyuma, mara nyingi baada ya kuamshwa kutoka `savestate`. Tazama `timedatectl`, kisha:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo systemctl restart systemd-timesyncd
```

Tofauti ya saa 3 kamili si kuchelewa. Ni UTC, na mstari wa kwanza unatosha. Saa ya mwenyeji ikirudi nyuma miaka kila umeme ukikatika, betri ndogo ya ubao mama imekufa. Kompyuta nyingi za mezani hutumia CR2032.

## Diski imejaa, ingawa uliipa gigabaiti 25

`df -h` inaonyesha takribani 11. Kisakinishi cha Ubuntu Server, ukikubali LVM, hutumia nusu tu ya nafasi kwa diski za kati ya gigabaiti 20 na 200. Iliyobaki ipo, haijagawiwa:

```
sudo lvextend -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv
sudo resize2fs /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv
```

Kama kweli unahitaji diski kubwa zaidi, futa snapshoti kwanza, zima mashine, kisha `VBoxManage modifymedium disk ghala.vdi --resize 40960`. Ndani ya mgeni andika `sudo growpart /dev/sda 3`, `sudo pvresize /dev/sda3`, halafu amri mbili za juu.

Mashine ikisimama ghafla na ujumbe unaosema `Host system reported disk full`, diski iliyojaa ni ya mwenyeji. Usiizime. Futa vitu kwa mwenyeji, kisha bonyeza kuendelea.

## Folda ya pamoja

`Permission denied` kwenye `/media/sf_kazi` inaisha kwa `sudo usermod -aG vboxsf $USER`, kisha utoke na uingie tena. Ila `npm install` ikigoma humo kwa `EPROTO`, au mabadiliko ya msimbo yasipoonekana mpaka uwashe upya seva, hakuna dawa nzuri: folda hiyo haikubali viungo vya faili kirahisi, na haimwarifu mgeni faili linapobadilika. Weka mradi ndani ya diski ya mgeni, uufungue kutoka kwa mwenyeji kwa ssh kupitia VS Code.

## Flashi inakataa kupokea mashine

Unataka kumpelekea mwenzako Newala mashine nzima badala ya yeye kupakua upya, flashi ina gigabaiti 16 wazi, na bado unaambiwa faili ni kubwa mno. Flashi iko kwenye FAT32, ambayo haipokei faili moja la kufika gigabaiti 4. Hamisha yaliyomo, ifomati kwa exFAT, kisha toa mashine ikiwa imezimwa:

```
VBoxManage export ghala -o ghala.ova
```

Kabla ya kutoa, futa nywila za hifadhidata na funguo za ssh zilizomo, na mwambie mpokeaji achague kutengeneza MAC mpya wakati wa kuiingiza.